Muulize Bi Kidirisha: Segera si Tanga

Likizo imekwisha, barua zimemiminika. Safari hii karibu zote ni za watu waliopanda vyombo wasivyovizoea: aliyeshushwa njia panda usiku, aliyepitilizwa, aliyelipishwa cha bure. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi ni mwanamke wa Tanga, nimekata tiketi dirishani miaka mingi, sasa nimestaafu na nakaa barazani Chumbageni nikijibu barua. Majina ya wenye barua siyatoi. Tanga ni ndogo, na Dodoma nayo, kwa mambo ya aibu, ni ndogo vilevile.

Shikamoo Bi Kidirisha. Mimi, mume wangu na watoto watatu tulitoka Dodoma kuja Tanga kupumzika kwa wifi yangu, Mikanjuni. Basi letu likaharibika karibu na Chalinze. Tukasubiri, tukachoka, tukachukua bodaboda hadi Chalinze penyewe. Pale mpigadebe akatudaka. Mume wangu akamuuliza, "Hili linafika Tanga?" Akajibu, "Linafika, baba, pandeni, viti vinne vimebaki, huyo mdogo mtampakata." Tukalipa mkononi. Saa tatu usiku konda akapiga kelele, "Wa Tanga, shukeni!" Kutazama nje, ni Segera. Basi likashika njia ya Moshi, sisi tukabaki na mabegi na mtoto aliyelala. Gari dogo la kutufikisha Tanga lilitutoza bei ya kukomoa. Mume wangu anasema aliuliza vizuri, akadanganywa. Mimi nasema hakuuliza vizuri. Nani ana haki, na fedha zetu zinarudi? – Mama Watatu, Dodoma

Marahaba mwanangu, na poleni, hasa huyo aliyelala. Naanza na ugomvi, maana fedha mtazisahau, lakini hili la nani aliuliza vibaya litawafuata mpaka uzeeni.

Mumeo alidanganywa, ila yule kijana hakusema uongo. Segera iko wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Korogwe ni mkoa wa Tanga, Mombo ni mkoa wa Tanga, hata Lushoto kule juu milimani. Basi la Moshi linatembea ndani ya mkoa wetu muda mrefu tu. Ukimbana kijana, atakuapia kwamba Tanga mmefika, na atakuwa amesimama juu ya ramani. Mji wa Tanga ndio haliufikii. Barabara kuu itokayo Chalinze ikifika Segera inagawanyika: mkono wa kulia inashuka Muheza mpaka Tanga mjini, kilomita 70 na ushei, na nyingine inanyoosha Korogwe, Mombo, Same, Moshi hadi Arusha. Pale njia panda ndipo wageni wetu wanapoangukia, na si ninyi wa kwanza.

Sasa sikiliza kazi ya mpigadebe ilivyo. Yule si mtu wa basi. Hana sare, hana ajira, hajulikani ofisini. Konda anampa chake kwa kujaza viti, na gari likishatoka hamjuani tena. Ukimuuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo au siyo, umemrahisishia kazi. Linafika Tanga? Ndiyo. Linafika Unguja? Angetafakari kidogo, kisha angesema ndiyo.

Muulize hivi: "Hili linakwenda wapi?" Kisha nyamaza. Usimtajie uendako. Usimwonyeshe begi, ingawa begi ataliona tu, mgeni ni kuku mweupe. Akisema "Arusha" au "Moshi", ushajua unasimama wapi. Akikurudishia, "Kwani wewe unakwenda wapi, mama?" basi ama hajui, ama hataki ujue, na katika yote mawili usipande. Nimewasikia wapigadebe wakirudisha swali hilo mbele ya dirisha langu kila siku ya kazi, na kila mara abiria anajibu. Akishajibu, gari lolote lililo mbele yake linakuwa lake.

Ukishamaliza naye, usimwamini hata kama kasema kweli. Panda ngazi mbili, muulize mama aliyekaa dirishani na vifurushi vyake miguuni: "Mwenzangu, wewe unashukia wapi?" Yule hana cha kupata kwako. Akisema Korogwe, na wa nyuma yake akasema Same, shuka. Kwenye kioo cha mbele nako kumeandikwa linakotoka na linakokwenda. Watu wazima wenye shahada zao hupita mbele ya bango hilo bila kulitupia jicho kwa sababu kuna mtu kawashika mkono anawavuta.

Kwa hiyo haki ni yako, Mama Watatu. Lakini ulikuwepo. Ulimsikia akiuliza na ukamwachia. Mpikie chai.

Tuje kwenye fedha. Mnalilia nauli ya basi la pili, mliyolipa mkononi bila kipande cha karatasi, na mnalisahau basi la kwanza. Aliyewakatia tiketi Dodoma ya kufika Tanga ndiye aliyekuwa na deni la kuwafikisha. Gari likiharibika ni juu yake kuwatafutia jingine au kuwarudishia nauli ya kipande kilichobaki. Mlipochukua bodaboda kwa hasira mlimsamehe bila kumwambia. Kama tiketi hizo mnazo, nendeni nazo ofisini kwao Dodoma. Wakiwazungusha, pelekeni LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ambayo ndiyo inayosikiliza malalamiko ya abiria wa mabasi. Watataka kujua namba ya gari, tarehe, ulikotoka na ulikokuwa unakwenda, na vyote hivyo viko kwenye tiketi. Basi la pili, kama hamna namba yake, limekwenda.

Na mtu mwingine akijikuta Segera na giza limeingia, asilikimbilie gari dogo la kwanza. Akae penye taa na vibanda vya chakula, mabasi yanaposimama. Magari yatokayo Arusha, Lushoto na Korogwe kuja Tanga hukunja palepale. Kadiri usiku unavyokwenda yanapungua, sikatai, lakini saa tatu si saa ya kukata tamaa. Mkipata watu wengine wa Tanga walioshushwa, na mara nyingi wapo, kodini gari kwa kuchangia.

Bi Kidirisha, habari za siku. Mimi ni wa hapa hapa Sahare. Tulikwenda Mombasa na shoga yangu, mara ya kwanza kwa wote wawili. Mpakani Horohoro tulipita vizuri, tukapata matatu hadi Likoni. Pale kwenye feri akatujia kijana ana kizibao cha rangi ya chungwa na kitambulisho shingoni, akasema wageni wanalipia feri shilingi 200 za Kenya kila mtu. Tukatoa. Tulipovuka, mwenyeji wetu alicheka mpaka akakaa chini. Tuliibiwa? – Binti Sahare

Mliibiwa, mwanangu. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure, awe wa Mombasa, wa Tanga au wa Mbeya. Wanaolipa ni wenye magari. Mia mbili ya Kenya ni kama elfu nne zetu, mara mbili elfu nane: kilo nzuri ya samaki, mmempa mtu kwa ajili ya kizibao.

Lakini siwacheki kama mwenyeji wenu. Huyo kijana ni mjuzi wa kazi yake. Mtu wa Tanzania amezoea kwamba kivuko kinalipiwa. Dar es Salaam ukivuka Kigamboni unalipa, Pangani ukivuka kwenda Bweni unalipa. Ukisikia "lipa ya feri" hushtuki, unaanza kutafuta chenji. Mkenya asingemwambia hivyo, angemjua kwa lafudhi akamwacha apite. Mwizi wa kituoni anakuchota pale ulipozoea, na palepale ndipo huangalii. Siku nyingine tazama wenzako: kundi zima la mamia ya watu linateremka kwenye feri, na hakuna hata mmoja aliyeingiza mkono mfukoni. Ukiona wewe peke yako ndiye unayetoa pesa, rudisha mkono.

Halafu umeandika "Horohoro tulipita vizuri", nami neno hilo limenitia wasiwasi kuliko shilingi mia mbili. Mlipita vipi? Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi za lami, haina shida. Shida inaanza ukishuka daladala. Bodaboda wanakuzunguka: "Nikuvushe, dada, usipoteze muda." Anakupakia, anapita pembeni, anakushusha kwenye matatu za Lunga Lunga, upande wa Kenya, na wewe unamshukuru. Forodha ile siku hizi ni kituo cha pamoja. Mtu anayetoka kwetu anamaliza shughuli zote upande wa Kenya, muhuri wa kutoka na wa kuingia, na akirudi anamaliza upande wetu. Sasa mgeni anaona upande wa Tanzania hakusimamishwa, anadhani ndiyo imekwisha. Haijaisha. Fungua pasi yako au hati yako ya dharura sasa hivi, tafuta muhuri. Kama upo, alhamdulillahi, cheka na mwenyeji wako. Kama haupo, usirudie tena, maana siku askari wa barabarani huko Msambweni atakapoifungua hiyo pasi, mia mbili utaiona zaka.

La matatu sina mengi. Uliza nauli kabla ya kukaa, na uliza kila safari, kwa sababu kule nauli haitulii. Mvua ikinyesha inapanda, jioni watu wakiwa wengi inapanda. Si kwamba wamekuonea, wenyeji nao wanalalamika.

Shikamoo Bi. Nimemaliza kidato cha sita Tanga, nikaenda Dar kwa mjomba, Kariakoo. Nilishuka stendi ya Magufuli, nikafika Kimara, nikakata tiketi ya basi la mwendokasi. Niliambiwa nishuke Msimbazi. Gari likapita Magomeni, likapita Jangwani, nikawa nasubiri konda ataje Msimbazi. Hakuna konda! Nikaja kuona bahari. Nikatoka nje, nikalipa tena kurudi. Mjomba anasema mimi mshamba. – Mhitimu

Marahaba. Mwambie mjomba wako aje Tanga tumtume Ngamiani barabara ya kumi na mbili kwa baiskeli, ndipo tutajua mshamba ni nani.

Mwendokasi ya awamu ya kwanza, hii iliyoanza mwaka 2016, inatoka Kimara ikiwa njia moja kwa Barabara ya Morogoro. Ikifika Magomeni inatoa tawi la kwenda Morocco kwa Barabara ya Kawawa. Ikifika Faya inagawanyika tena: moja inanyoosha mpaka Kivukoni, ambako uliiona bahari, na nyingine inakunja Mtaa wa Msimbazi mpaka Gerezani. Wa Kariakoo ni wa Gerezani. Ulipanda la Kivukoni. Lingine ni kwamba yapo yanayoruka vituo, ukiwa na haraka ni neema, ukiwa mgeni ni balaa. Soma maandishi ya mbele ya gari, na kabla ya mlango kufungwa uliza, "Hili linaishia wapi?" Kama umesoma barua ya juu, umeshaona ninachokusudia.

Kilichokuponza zaidi ni mazoea ya daladala. Kwetu konda anataja vituo, na asipotaja, abiria wanapiga kelele "shusha!" gari likasimama hata mbele ya mlango wa mtu. Mwendokasi haina wa kumwambia shusha. Dereva yuko mbele, hakusikii, na angekusikia asingesimama. Basi jiwekee alama kabla ya kituo chako, wala usingoje kituo chenyewe. Ukiona bonde la Jangwani, simama, sogea mlangoni. Kinachofuata ni Faya.

Nauli ya pili ililiwa na geti. Tiketi inasomwa getini unapoingia kituoni, ndani ya gari haisomwi. Ukitambua umepitilizwa shuka kituo kinachofuata, usitoke nje, ngoja la kurudi humohumo. Ukitoka getini wewe ni abiria mpya.

Bi Kidirisha, mwanangu yuko Muscat, alinikatia tiketi ya basi kwa mtandao, Tanga kwenda Dar. Imeandikwa 06:30. Nikafika stendi ya Kange saa sita na robo mchana, nimepika, nimefunga nyumba, nimeaga majirani. Wananiambia basi limetoka asubuhi. Nimerudi nyumbani kwa aibu, majirani wananitazama. – Bibi wa Makorora

Waja leo, waondoka leo. Wewe umekwenda na kurudi kabla ya alasiri. Dada yangu, mashine ya tiketi haisomi saa yetu. Chochote ilichoandika, toa sita au ongeza sita: 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Akikukatia tena, mwambie akupigie simu akutajie saa kwa mdomo, aseme na asubuhi au jioni. Kisha uwahi nusu saa. Majirani waambie basi liliharibika, ni uongo mdogo na kila mtu atauamini.

Mama, habari. Nimetoka Mwanza kuja kutembea Tanga, nikashushwa Kange nikidhani niko mjini. Nikaona bajaji ina abiria mmoja kakaa mbele pamoja na dereva, ana barakashia ya kijani na hana jino la mbele. Nikajua ni ya kuchangia, nikapanda. Njia nzima anasimulia kuhusu timu ya Coastal Union, tunapiga stori, tunacheka. Kufika Raskazone nadaiwa shilingi elfu kumi na tano, "umekodi, kaka." Yule abiria naye akasema kweli mimi ndiye niliyekodi. Nikalipa. Hivi ndivyo Tanga mnavyopokea wageni? – Mgeni wa Ziwa

Karibu Tanga, mwanangu, na utuwie radhi. Kange ipo nje ya mji, njia ya kutokea Muheza, na kila mgeni anayeshuka pale akitafuta bahari huwa na uso mmoja. Daladala za kuingia mjini zipo palepale stendi. Mwenye mzigo mdogo hana haja ya bajaji kabisa: shuka katikati ya mji, kisha kutoka mjini kwenda Raskazone ni pafupi.

Yule wa mbele hakuwa abiria. Ni chambo. Kazi yake ni kukaa pale ili wewe uone gari lina mtu, na wewe mwenyewe ujiambie ni la kuchangia. Hakuna aliyekudanganya kwa mdomo, si ndiyo? Umejijaza maneno mwenyewe. Dawa yake ni kusema kabla hujanyanyua mguu, kwa sauti ya kusikika na wengine: "Nachangia, hadi Raskazone, shilingi ngapi?" Ukishataja kuchangia na bei mbele ya watu, hawezi kukugeuka mwisho wa safari. Akisema "panda tu, tutaelewana", usipande, hamtaelewana. Na mtu mwema akikuelekeza nyumba ya Ngamiani, akutajie barabara ni ya ngapi, maana mitaa ya kule ina namba. Dereva akisikia "barabara ya nne" anadhani wewe ni mwenyeji, na bei inashuka hapohapo.

Elfu kumi na tano hiyo hairudi, sikufichi. Lakini umeandika kwamba yule wa mbele alikuwa na barakashia ya kijani na hana jino la mbele, na alikuwa anasimulia kuhusu timu ya Coastal Union njia nzima. Huyo namjua. Mama yake tunasali msikiti mmoja. Ijumaa nitapita kwao.